Maswali ya Wasomaji: Maradhi na Vita vya Mpakani, 1914–1918

Toleo lililopita lilikuwa na makala juu ya Vita Kuu ya Kwanza katika mipaka ya iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (Tanganyika, Rwanda na Burundi), yaani mipaka yake na Kenya na Uganda za Waingereza, Kongo ya Wabelgiji na Msumbiji ya Wareno. Makala hiyo ilieleza mapigano kwa kirefu, na maradhi ikayataja kwa sentensi mbili tu. Wasomaji hawakuridhika, na barua nyingi zilizotufikia zinauliza habari za wagonjwa, za wapagazi na za vijiji vilivyokuwa njiani mwa majeshi. Tunajibu hapa baadhi yake.

Swali: Mhariri, salaam. Katika ukoo wetu husimuliwa kwamba baba wa babu yangu alichukuliwa na Waingereza mwaka 1917 kwenda kubeba mizigo, akafia upande wa Tanganyika kwa kuhara damu, wala hakuwahi kusikia mlio wa bunduki. Wenzangu hunicheka wakisema kwamba mtu aliyekwenda vitani hafi kwa tumbo. Je, habari hii yaweza kuwa ya kweli? *Msomaji, Voi.*

Jibu: Ndugu yangu, wanaokucheka ndio wanaodaiwa kusoma. Simulizi ya ukoo wenu inaafikiana na kumbukumbu zilizoandikwa. Katika vita vile Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na katika nchi waliyokuwa wakiiteka kutoka kwa Wajerumani. Serikali yao ilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, lakini watafiti waliozipitia upya hesabu hizo wanaona kwamba idadi inayokaribia 100,000 ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa wengi walioanguka njiani, waliohesabiwa kuwa watoro, au waliorudishwa makwao wakiwa mahututi hawakuandikwa popote kuwa wamekufa. Wengi mno kati ya hao waliuawa na maradhi. Hata kwa wanajeshi wenyewe, ambao walipewa chakula bora na matibabu ya mapema zaidi, vifo vilivyotokana na maradhi vilikuwa karibu theluthi mbili ya vifo vyote vya upande wa Uingereza.

Kuhara damu ndiko kulikoongoza katika kambi za wapagazi, na chanzo chake kinahitaji kuelezwa taratibu. Posho ya mpagazi, kwa kadiri ilivyopangwa ofisini, ilikuwa yapata kilo moja ya unga kwa siku, pamoja na maharage au nyama kidogo ilipopatikana. Unga huo mara nyingi ulikuwa wa mahindi yaliyosagwa vibaya, wenye chenga na makapi. Mtu aliyetembea kutwa nzima akiwa na kilo ishirini na tano kichwani alifika kambini jua likizama, kuni zimelowa, sufuria moja ikisubiriwa na watu wengi, na maji yametekwa kwenye kijito ambacho kikosi kilichotangulia kilikwisha kuogea na kujisaidia kando yake. Akiula unga huo haujaiva, utumbo wake ulichubuka, na viini vya maradhi vilivyoletwa na nzi na maji machafu vikapata pa kuingilia. Madaktari wa jeshi waliandika mara kwa mara kwamba chakula kisichoiva kilikuwa mwanzo wa wagonjwa wao wengi.

Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watu ambao mahindi hayakuwa chakula chao. Mganda aliyelelewa kwa ndizi, au mtu wa pwani aliyezoea wali, tumbo lake lilikataa mapema. Mfano wa kusikitisha ni wa Washelisheli wapatao 800 walioletwa Kilwa mwishoni mwa mwaka 1916 kufanya kazi za jeshi. Katika miezi michache zaidi ya 200 kati yao walikuwa wamekufa, hasa kwa malaria, kuhara damu na beriberi (ugonjwa wa upungufu wa vitamini), na waliosalia wakarudishwa kwao mwaka 1917 kwa kuwa hawakufaa tena kwa kazi yoyote.

Mwaka uliotajwa katika ukoo wenu nao una maana yake. Mwanzoni mwa 1917 serikali ya Kenya ilimteua John Ainsworth kusimamia ukusanyaji mkubwa wa wapagazi, na machifu na maofisa wa wilaya wakaamriwa kutoa watu kwa idadi maalumu. Watu wa milimani waliteremshwa kwa wingi hadi nyanda za chini zenye malaria ambayo miili yao haikuwahi kuijua, tena katika msimu wa mvua zilizopita kiasi. Wakati huohuo ndipo kilipoanzishwa kikosi cha wauguzi wa Kiafrika kutoka Uganda, chini ya daktari aitwaye Keane, ambacho baadhi ya vijana wake walitoka katika shule ya Budo. Vijana hao waliokoa wengi, kwa maoni yangu, kwa sababu moja iliyo wazi: walikuwa watu wa kwanza hospitalini ambao mgonjwa angeweza kuwaeleza anapoumwa na wakamwelewa.

Swali: Nimesoma kwamba jeshi la Jenerali Smuts lilikuja na maelfu ya farasi na magari. Kwa nini basi mizigo ibebwe kichwani na binadamu? *Msomaji, Moshi.*

Jibu: Farasi walikuja kweli, lakini hawakudumu. Smuts, jenerali wa Afrika Kusini, alishika uongozi wa majeshi ya Waingereza mwezi Februari 1916, na mwezi Machi mji wenu wa Moshi ulikwisha kutekwa. Kutoka hapo jeshi lake lilisukuma kusini kwa haraka, tawi moja likielekea Kondoa Irangi wakati wa masika na jingine likifuata mto Pangani, kote huko likipita katika mapori yenye mbung'o. Nagana, ugonjwa wa mifugo uletwao na mbung'o hao, iliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa makumi ya maelfu katika muda wote wa vita, na magari machache yaliyokuwapo yalizama kwenye matope. Kila mnyama aliyekufa mzigo wake ulihamia kwenye vichwa vya watu.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Mpagazi anayebeba kilo ishirini na tano na kula kilo moja kwa siku, akitumwa mwendo wa siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, hula sehemu kubwa ya mzigo wake mwenyewe. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyosonga mbele kutoka reli, ndivyo wapagazi walivyohitajika wengi zaidi ili kumlisha askari mmoja, na ndivyo posho ya wapagazi hao ilivyopunguzwa ili kitu kifike mbele. Smuts alisifiwa kwa mwendo wake wa kasi, nasi twaweza kusema bila kumwonea kwamba kasi hiyo ililipiwa na matumbo ya watu. Kikosi cha tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilifika Februari 1916 kikiwa na watu 1,135, na ilipofika Oktoba waliobaki na nguvu ya kupigana walikuwa 116. Mwishoni mwa mwaka huo Wazungu wapatao 12,000, wengi wakiwa wa Afrika Kusini, walikwisha kuondolewa kwa sababu ya malaria na maradhi mengine, na mahali pao pakachukuliwa na askari kutoka Nigeria na Gold Coast (Ghana ya leo) pamoja na vikosi vipya vya Keya, yaani King's African Rifles.

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia. Wajerumani walizingirwa baharini tangu mwanzo wa vita. Walipata wapi dawa, na ni kweli kwamba walipovuka Ruvuma waliwatupa wagonjwa wao? *Mwalimu, Masasi.*

Jibu: Mwalimu, dawa zilitoka katika njia tatu. Kwanza ni meli mbili zilizopenya kizuizi cha Waingereza, moja mwaka 1915 katika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga, na ya pili mwezi Machi 1916 huko Sudi, ambapo si mbali sana nawe. Pili ni kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kilichokuwa na mikwinini iliyopandwa kabla ya vita na maabara iliyoweza kutengeneza vidonge vya kwinini, dawa ya malaria, kutokana na magome yake. Vita vilipohamia kusini na Amani ikapotea katikati ya mwaka 1916, magome yalichemshwa tu porini, na maji yake machungu kupita kiasi yakanywewa na askari, ambao waliyapa jina la utani la pombe ya Lettow, kwa jina la jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck. Bandeji nazo zilitengenezwa kwa magome ya miti yaliyopondwa. Tatu ni dawa walizoziteka. Tarehe 25 Novemba 1917 walivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano, na miongoni mwa vitu walivyovipata humo kwinini ilikuwa na thamani kuliko dhahabu.

Lisisahauliwe jambo hili: dawa ilipopungua haikugawiwa sawa. Wazungu walitangulizwa, askari wa Kiafrika wakafuata, na mpagazi alipata kilichosalia, ikiwa kilisalia. Utaratibu huo ulikuwa uleule pande zote mbili za mpaka.

Ama kuhusu wagonjwa, neno "kuwatupa" ni kali, lakini si la uongo kabisa. Kabla ya kuvuka mto, Lettow-Vorbeck alipunguza jeshi lake likabaki na Wazungu na askari wasiofika 2,500, pamoja na wapagazi wao. Mamia ya wagonjwa na majeruhi, Wazungu na Waafrika, waliachwa kwenye nyanda za Makonde ili wachukuliwe na Waingereza waliokuwa nyuma yao. Kwa jemadari ilikuwa ni kupunguza mzigo, tena alijua kwamba adui atalazimika kuwalisha na kuwatibu. Kwa mgonjwa mwenyewe, aliyebaki siku moja au mbili bila maji ya kutosha akisubiri jeshi la upande wa pili, mambo yalikuwa mengine.

Upande wa pili wa mto haukuwa na afueni. Wareno walileta wanajeshi kutoka Ulaya na kuwaweka Palma na Mocímboa da Praia bila maandalizi ya maana ya afya, na malaria na kuhara damu vikawamaliza kambini kabla hawajamwona adui. Waliposhika Newala mwezi Oktoba 1916 hawakuweza kuishikilia hata miezi miwili. Wanavijiji wa Kimakonde na Kimakua wa kingo zote mbili walitozwa chakula na wapagazi na Wajerumani, kisha na Wareno, kisha na Waingereza, na waliokimbilia porini walikosa kulima misimu miwili mfululizo.

Swali: Wazee wetu wa Ugogo husema kwamba Mtunya, yaani maafa yaliyotupata wakati wa vita vile, ilikuwa njaa. Mwanangu amesoma shuleni kwamba ilikuwa mafua ya 1918. Nani yuko sahihi? *Mama wa watoto wanne, Dodoma.*

Jibu: Mama, wote wawili wamesema kweli, ila wazee wameshika shina na mwanao ameshika tawi. Dodoma ilikuwa kituo cha reli ya kati, kwa hiyo ilikuwa ghala la Wajerumani kwanza, kisha la Waingereza kuanzia mwaka 1916. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, mtama na uwele wa Wagogo, na yakawachukua vijana wenye nguvu za kulima. Katika nchi ambayo mvua yake ni ya kubahatisha hata wakati wa amani, ng'ombe ndiye akiba: mwaka mbaya ukija, huuzwa au hubadilishwa kwa nafaka za majirani. Mvua zilipokosekana akiba hiyo haikuwapo tena. Njaa ilianza mwaka 1917 na athari zake zikaendelea hadi 1920. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa kati ya Wagogo wapatao 150,000.

Sasa angalia jinsi njaa inavyoita maradhi. Mtu mwenye njaa hakai nyumbani. Familia zilihamia kwenye stesheni za reli na kando ya kambi, mahali palipokuwa na uwezekano wa kupata unga, na mahali hapohapo ndipo palipokuwa na wapagazi wagonjwa, vyoo vilivyofurika na ndui. Wazazi wengine waliwaweka watoto wao rehani kwa majirani wenye chakula, na watoto hao wakaenda na maradhi waliyokuwa nayo. Chanjo ya ndui ilijulikana na ilitumika kambini, lakini haikustahimili joto la safari ndefu, na vijiji vilivyokuwa mbali na reli viliachwa hivihivi. Mafua yalipofika mwishoni mwa mwaka 1918 yaliwakuta watu wasio na nyama mwilini. Ndiyo maana haitusaidii kuuliza kila marehemu alikufa kwa kipi hasa.

Njaa ya namna hiyohiyo iliikumba kaskazini magharibi ya Rwanda kati ya 1916 na 1918, katika mpaka wa Kivu ambako Wajerumani na Wabelgiji walikabiliana kwa muda mrefu. Huko huitwa Rumanura.

Swali: Bibi yangu ni Mkasigau, lakini alizaliwa Malindi. Wanasema watu wake walipelekwa huko kwa sababu ya vita. Je, maradhi yalihusika? *Msomaji, Mwatate.*

Jibu: Yalihusika sana. Kasigau ni mlima ulio karibu na reli ya Uganda, ile itokayo Mombasa, ambayo Wajerumani waliivizia kutoka mpakani na kuilipua mara nyingi. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kuushambulia mlima huo, Waingereza waliwatuhumu wenyeji kwamba wamemsaidia adui, wakazichoma moto nyumba zao na kuwahamisha karibu wote hadi Malindi. Watu wa mlimani walishushwa kwa ghafla pwani yenye malaria, bila mashamba na bila akiba, na wengi wakafa. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1936, yaani miaka kumi na minane baada ya vita kwisha. Mtu akitaka kuhesabu waliokufa kwa vita vya mpakani, hana budi kuwahesabu na hao, ingawa hawakuwahi kuvaa sare wala kubeba mzigo wa jeshi. Ziandike habari za bibi maadamu bado yuko.

Swali: Tunataka kujua kama jina la jamaa yetu aliyefia katika kambi ya wapagazi limeandikwa kwenye kaburi lolote. *Msomaji, Kisumu.*

Jibu: Uwezekano ni mdogo, na ni afadhali tuliseme hilo mapema. Makaburi ya Voi, Taveta, Dar es Salaam na kwingineko yana mawe yenye majina ya wanajeshi Wazungu, mmoja mmoja. Wapagazi walizikwa kwa pamoja, na baada ya vita iliamuliwa kwamba sanamu za ukumbusho zitatosha, ndizo zile zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Hata hivyo wapagazi wengi waliandikishwa, na baadhi ya daftari zimesalia. Anzeni Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, mkiwa na jina la chifu na la lokesheni ya wakati ule, kwa sababu wapagazi waliandikwa kwa kufuata mahali walipotolewa.

Swali: Mafua ya 1918 yaliingia vipi, na yaliyakuta majeshi mahali gani? *Msomaji, Mombasa.*

Jibu: Yaliingilia kwenu, bandarini, mwezi Septemba 1918, yakiletwa na meli kutoka Bombay. Kutoka Kilindini yalipanda garimoshi hadi Nairobi na Kisumu, na kwa majahazi na meli yakateremka pwani. Tofauti na kuhara damu au malaria, ugonjwa huu uliwalenga zaidi vijana wenye nguvu, na uliua kwa homa ya mapafu katika siku chache.

Jeshi la Lettow-Vorbeck wakati huo lilikuwa limerudi kutoka Msumbiji, likavuka tena Ruvuma mwishoni mwa Septemba, likapita Songea na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, huku maradhi ya mapafu yakiwaangusha watu wake njiani na wagonjwa wakibebwa kwa machela. Habari ya kwisha kwa vita Ulaya ilimfikia katikati ya Novemba, naye akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Askari wake zaidi ya 1,100 walipelekwa Tabora, Wazungu wakapelekwa Dar es Salaam kungoja meli, na katika kambi za kungojea mafua yakawaua baadhi ya watu ambao risasi za miaka minne hazikuwapata.

Jambo lililoeneza ugonjwa huo zaidi ya kambi, kwa maoni yangu, ni kuruhusiwa kwa wapagazi. Vita vilipokwisha maelfu yao waliachiliwa karibu kwa wakati mmoja, wakapakiwa kwenye mabehewa yaliyosongamana, kisha kutoka stesheni ya mwisho wakaenda kwa miguu hadi vijijini ambako hakuna daktari wala mtu aliyesikia habari za ugonjwa huo. Kwa hiyo mafua yalifika milimani na ng'ambo ya maziwa. Makadirio ya Tanganyika ni kati ya watu 50,000 na 80,000 waliokufa, na kwa Kenya hutajwa idadi ya 150,000. Idadi hizo ni za kukisia kwa kuwa vifo vya vijijini havikuwa vikiandikishwa, na maofisa wengi wa wilaya ambao wangeweza kuviandika walikuwa wenyewe kitandani.